Mutation ya Komanda Sans-Frein

Mjini Bunia ni watu wachache wanaolijua jina langu la ubatizo. Sokoni, kanisani, hata msibani, mimi ni Mama Mutation. Nilipostaafu, vijana wa ofisi waliagiza keki ikaandikwa jina hilo kwa sukari ya rangi, na herufi moja ikakosekana. Wakasema haidhuru, Mama atasahihisha kama kawaida yake. Nilisahihisha kwa kisu. Sasa wananiomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya kompyuta, na nimekubali kwa sababu tangu nikae nyumbani nimeanza kumsahihisha mume wangu, naye anaona ni afadhali nisahihishe karatasi.

Kwa msomaji asiyefanya kazi yetu, nieleze mambo mawili. Leta ndiyo Serikali. Neno hilo babu zetu walilitoa kwenye Kifaransa, lakini sidhani ni bahati tu kwamba kwa Kiswahili linamwamuru mtu alete. Na mutation ni kubadilisha jina la mwenye gari. Ukinunua gari lililotumika, hata ukiwa umelilaza uani mwako mwezi mzima, machoni pa Leta lingali la yule aliyekuuzia mpaka jina lako liingie kwenye karatasi yake, ile tunayoiita carte rose. Kuliingiza kuna taxe, yaani kodi. Anayelipa ni mnunuzi, si muuzaji, na ugomvi wote wa maisha yangu umetoka hapo, kwa sababu mnunuzi hufika kwetu akiwa amekwisha kumpa muuzaji hata franga ya sabuni. Vijana, mwambieni mtu mapema kwamba bei ya gari ni nusu tu ya maneno. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na hao hawakuwa wameiona Corolla.

Nilianza kazi nchi ingali inaitwa Zaire. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino na kikwembe kipya, yaani kitenge, nikiamini nitakaa nyuma ya meza nikigonga mihuri. Mkuu wa ofisi alikuwa Papa Androzo, mtu wa Aru, mrefu, mkimya, miwani yake imeshikwa na uzi upande mmoja. Hakuuliza diploma yangu. Aliuliza kama nina kikwembe cha zamani. Nikasema kiko nyumbani. Akanipa gunia la kahawa, brashi, kitambaa kilicholowa petroli, kalamu ya risasi na kipande cha karatasi laini, akanionyesha kwa kidole Land Rover iliyosimama uani, akaniambia niingie chini yake nikaitafute namba.

Namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha chasi. Unasugua matope, unafuta kwa petroli, unabandika karatasi juu yake na kupitisha kalamu ya risasi kwa ubavu, na tarakimu zinajitokeza moja moja. Injini inabadilishwa, rangi inabadilishwa, milango inatoka gari hili kwenda lile, lakini chuma hicho kinabaki na neno lake. Papa Androzo alikuwa akisema karatasi zinaandikwa na watu, na watu wana njaa, bali chuma hakina njaa. Nikiwa bado chini natafuta, mchungaji wetu alipita barabarani, akaona miguu ya mwanamke imetokeza chini ya gari, akaita watu waje kuinua. Walipokuwa wamekwisha kulishika pande zote, nilitoka na grisi puani nikamsalimia Bwana asifiwe. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya ufufuo, na muda wote alinitazama mimi.

Funzo la pili lilikuwa swali. Kila mnunuzi aliyeketi mbele yake, Papa Androzo alimwuliza nani aliuza, kisha akanyamaza. Aliniambia mwongo haogopi swali, kwa maana jibu lake amekuja nalo kutoka nyumbani. Anachoogopa ni kimya kinachofuata. Nimewaona watu wazima wenye tai shingoni wakikijaza kimya hicho kwa majina ya wauzaji watatu wa gari moja. Na waliokuja na hati yenye bei ndogo, ili taxe nayo iwe ndogo, hakuwagombeza. Aliisoma bei kwa sauti, akatoa pochi yake mfukoni, akasema kwa bei hiyo gari analinunua yeye, sasa hivi. Wengi walikumbuka ghafla kwamba waliandika vibaya.

Alikuwepo mwuza samaki wa chumvi aliyesema Corolla yake ni zawadi ya mjomba, akidhani zawadi haina taxe. Papa Androzo akaandika zawadi, akaomba mjomba aje asaini. Mjomba akaja, akasoma, akafurahi sana, akasema kwa desturi yao zawadi kubwa namna hiyo hujibiwa kwa ng'ombe mbele ya ukoo. Mwuza samaki akauliza kama bado kuna nafasi ya kulipa taxe. Na alikuwepo yule aliyeleta hati iliyosainiwa na muuzaji wiki moja baada ya mazishi ya muuzaji huyo. Bahati yake mbaya, Papa Androzo alikuwa ameimba kwaya kwenye mazishi hayo. Hakukasirika. Alimrudishia hati yake taratibu, akamwambia: "Basi umuombe arudie mara moja tu, sababu iko na fasi ingine ya kusaini."

Halafu vita vikaingia Ituri, mkoa wetu, na mji wetu ukaanza kubadilisha wakubwa. Nyinyi vijana mlikuwa migongoni mwa mama zenu. Kila kundi lililoushika mji lilifika kwanza ofisini kwetu, kabla ya hospitali, hata kabla ya redio, likatuambia kwamba taxe za wale waliotangulia ni bure na watu walipe upya. Likatuachia muhuri wake. Papa Androzo aliiweka mihuri yote kwenye kopo la maziwa ya unga, na asubuhi alisimama kwanza mlangoni akitazama kofia za askari waliokuwa barabarani, ndipo alipochagua muhuri wa siku hiyo. Mtu aliyekwisha kulipa wakati wa kundi lililopita hakumlipisha tena. Aliandika "imeonekana" pembeni ya karatasi, akagonga muhuri mpya bure, akisema motokari haibatizwi kila wiki. Jambo hilo lingeweza kumtoa roho, naye alilifanya kwa utulivu wa mtu anayemenya ndizi.

Msidhani tulikuwa tukicheka kutwa. Ofisini tulikuwa na wenzetu wawili wa Djugu, wa makabila mawili yaliyokuwa yakiuana, waliozoea kula sahani moja saa sita. Asubuhi moja hakuja hata mmoja. Mmoja tulimwona tena baada ya miaka. Mwingine hatujamwona. Kiti chake kilibaki pale pale na hakuna aliyekikalia, na hasira niliyokuwa nayo siku zile ninayo hata sasa.

Sasa nifike kwenye ile mutation iliyonipa jina. Mama Eliza alikuwa jirani yangu wa mtaa wa Nyakasanza, mwuza maharage, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumwita mteja kutoka ng'ambo ya soko. Mama yake mzazi alikuwa amepooza miguu. Mji ulipokimbia, na ulikimbia mara nyingi, sisi wengine tulijitwika godoro na sufuria tukaenda. Eliza alijifungia ndani na mama yake wakasali. Mara ya mwisho risasi ilipenya mlango ikapita juu ya kitanda cha yule bibi. Ndipo Eliza alipouza kila alichokuwa nacho, hata kiwanja cha marehemu mume wake, akapata mtu wa kumletea pikapu kutoka Ariwara, soko la mpakani. Alitaka jambo moja tu: kumlaza mama yake nyuma juu ya godoro na kumpeleka Aru kwa kaka yake, kulikokuwa shwari.

Pikapu yenyewe ilikuwa na usukani upande wa kuume, kwa kuwa ilipitia Uganda, ambako wanaendesha upande wao. Milango yake ilikuwa ya rangi mbili, na haikuwa na kizuia kelele, hivyo ikiwashwa, mbwa wote wa Nyakasanza walijibu. Lakini namba yake ilikuwa safi. Nililala chini yake mwenyewe nikaisoma. Eliza alilipa taxe yote ya mutation, jambo ambalo wakati ule wa vita hakuna aliyelitarajia, hata sisi tuliokuwa tukilidai. Nilimwuliza kwa nini asiondoke tu bila karatasi. Akasema barabara ya Aru ina vizuizi vingi, na mwenye bunduki akikosa sababu ya kukunyang'anya, mara nyingine anachoka. Carte rose ikatoka kwa jina lake. Ikabaki kutafuta petroli, iliyokuwa ikiuzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi.

Kabla hajaipata, Komanda Sans-Frein aliisikia pikapu ikijaribiwa. Sans-Frein maana yake asiye na breki, na jina hilo alijipa mwenyewe. Alikuwa mkubwa wa kambi ya kundi lililoushika mji wakati ule, mtu mfupi mwenye miwani mikubwa ya jua, na mji ulimwogopa kwa sababu ambazo sina haja ya kuzisimulia. Aliichukua pikapu akisema ni ya operesheni. Operesheni hizo tuliziona zimeegeshwa mbele ya baa. Eliza alikwenda kambini kuomba, wakamfukuza kwa maneno. Akarudi kesho yake, wakamfukuza kwa fimbo.

Mtaniuliza mwenye bunduki anahitaji karatasi ya nini. Hata mimi nilijiuliza. Kumbe Komanda alitaka kuiuza pikapu, na mnunuzi wake, mfanyabiashara wa Ariwara, alikuwa amewahi kununua gari la vita mara moja akajuta. Alimwambia kwamba bila carte rose yenye jina la anayeuza, hanunui hata tairi. Kwa hiyo asubuhi moja Komanda aliingia ofisini kwetu na sajenti wake, akaketi bila kukaribishwa, akasema pikapu ya yule mama iandikwe jina lake, na mapema.

Papa Androzo akafungua kalamu. "Nani aliuza?" akauliza, kisha akanyamaza.

Komanda akatoa bastola akaiweka mezani. "Huyu njo aliuza."

Sajenti akacheka, kwa hiyo sote tukacheka, tukingoja Komanda aache ili na sisi tuache. Papa Androzo peke yake hakucheka, wala hakukataa. Alieleza kwa heshima kwamba inatakiwa hati ya kuuziana yenye saini ya Mama Eliza, halafu jina kamili la mnunuzi, namba yake ya jeshi, na picha yake. Komanda akajibu kwamba Eliza atasaini siku atakayoambiwa asaini. Picha na namba, sajenti ataziulizia kambini, kwa kuwa yeye mwenyewe ana shughuli. Sajenti, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, akataka kujua aseme ni za nini. Papa Androzo akamwambia aseme ni za mutation ya Komanda, na ninaapa hakuwa na hila yoyote moyoni. Ndivyo tulivyosema kila siku kwa jina la mnunuzi: mutation ya mchungaji, mutation ya mwuza samaki.

Jioni Eliza alikuja kwangu. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia, na aliniuliza kama jina likibadilishwa pikapu inaweza kurudi. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia jina likitoka, limetoka. Aliketi barazani kwangu, yeye ambaye sauti yake ilifika ng'ambo ya soko, akasema polepole: "Sasa mama yangu nitamubeba na mugongo mpaka Aru?"

Nilimwogopea kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Asubuhi nikamsihi Papa Androzo aseme kwamba karatasi za carte rose zimekwisha. Akakataa. Alisema tutafanya vile sheria inavyotaka, ila polepole, kwa sababu polepole ndiyo silaha peke yake tuliyopewa na Leta. Nilimkasirikia siku ile. Niliona anamtoa sadaka yule bibi kwa ajili ya utaratibu.

Yaliyotokea kambini nilisimuliwa baadaye na mpishi wa Komanda, alipokuja kwetu kuandikisha pikipiki, vita vilipokwisha. Neno mutation, katika Kifaransa cha Leta, lina maana ya pili, ambayo kila mwalimu, kila padri na kila askari anaijua kwa tumbo lake: kuhamishwa kazi. Ofisini kwetu mutation ni ya gari. Kambini mutation ni ya mtu. Sajenti alipofika akatangaza kwamba ofisi ya Leta inaomba picha na namba ya Komanda kwa ajili ya mutation yake, kambi nzima ilielewa jambo moja tu, na kila mtu akatia chumvi yake. Ilipofika saa sita walikuwa wamekwisha kujua hata mahali anakopelekwa: Gety, ambako mapigano yalikuwa makali siku zile na hakuna aliyetamani kutumwa.

Komanda alikuwa amelala kwingine. Aliporudi kambini mchana, alimkuta msaidizi wake ameketi kwenye kiti chake cha mito, miguu juu ya meza yake, akisikiliza redio yake. Mbuzi wake walikuwa wamechinjwa kwa ajili ya kumpokea mkubwa mpya. Mpishi alimletea ugali na maharage ya askari wa kawaida, bila nyama, na bila kumsalimia. Komanda alipouliza kuna nini, msaidizi akasimama taratibu, kama mtu anayempisha mgonjwa, akampa pole ya safari.

Sasa jiwekeni mahali pake. Huyu ni mtu aliyechukua vya watu, akauza, na wakubwa wake hawakuona fungu lao. Akisikia anahamishwa ghafla, hawezi kwenda kuwauliza hao wakubwa kama ni kweli, kwa maana akiuliza atakuwa amewakumbusha. Afadhali aikimbilie karatasi yenyewe. Alifika ofisini kwetu bila miwani ya jua. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake, na yalikuwa macho ya mtoto aliyevunja chungu cha mama yake.

"Muzee," akasema, "ni nani alisaini mutation yangu?"

Papa Androzo akavuta mtoto wa meza akachungulia. "Haiyasainiwa bado, chef. Iko humu mu tiroir. Inangojea tu ile photo."

Komanda akashika ukingo wa meza. Akasema amesikia ni Gety. Papa Androzo aliliona swali hilo la ajabu, lakini alikuwa akiheshimu kila swali, akamjibu kwamba ofisi yetu haimchagulii mtu mahali. Sisi tunaandika tu kile tulicholetewa. Jasho lilimtoka yule mtu hadi likadondoka juu ya karatasi zetu.

"Na ni juu ya nini?" akauliza.

"Ni juu ya motokari, chef. Ile ya Mama Eliza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimesimama nyuma na lile kopo la mihuri mikononi, na mihuri ikaanza kugongana ndani yake. Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia, vyote viwili kwa nguvu moja. Papa Androzo hakuwa ameelewa kitu. Alikuwa akimjibu kama alivyomjibu kila mnunuzi tangu nimjue, ukweli mtupu, neno kwa neno.

Komanda akainama karibu naye, akashusha sauti. "Na kama ninarudisha motokari?"

"Basi mutation haiko tena, chef," Papa Androzo akasema. "Motokari inabakia kwa mwenyewe, na weye unabakia vile uko."

Sijapata kumwona mtu akiipenda sheria kwa ghafla namna ile. Komanda alitoa ufunguo mfukoni akauweka mezani, pale pale alipokuwa ameweka bastola. Akataka karatasi ipasuliwe mbele ya macho yake. Niliwahi kuipasua mimi, kabla mkuu wangu hajaanza kueleza kwamba karatasi ya Leta haipasuliwi, na nikaendelea kuipasua vipande vidogo vidogo hata sisi wenyewe tusingeweza kuisoma. Papa Androzo akaona ni vizuri Komanda asaini mahali kwamba ameacha kwa hiari yake. Nikamkanyaga mguu. Komanda akauliza kama kuna nakala iliyokwisha kwenda juu. Nikamwambia ilikuwa hiyo moja tu, na sasa haipo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nina moyo wa mama. Maneno hayo mawili, mama na mutation, ndiyo yaliyonipa jina.

Alipoondoka, Papa Androzo alinitazama juu ya miwani, akauliza kwa nini mtu mwenye bunduki anaiogopa taxe kiasi hicho. Nikamweleza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akavua miwani, akacheka mpaka ule uzi ukakatika. Alipomaliza uso wake ulibadilika. Akasema mtu yule akikutana kambini na mmoja tu mwenye akili, atarudi hapa, na mara hiyo hatataka karatasi. Akaniambia nimpelekee Eliza ufunguo, na Eliza aondoke kesho asubuhi, asingoje kesho kutwa. Mimi ambaye nilikuwa nimemkasirikia niliichukua miwani yake. Nilimtafutia uzi mwingine.

Pikapu tuliikuta mbele ya baa. Tanki lilikuwa limejaa hadi mdomoni, kwa maana Komanda alikuwa ameijaza kwa safari yake ya Ariwara, na nadhani hiyo ndiyo taxe peke yake aliyowahi kulipa. Eliza aliizunguka akiigusa milango yake ya rangi mbili, huku akisema peke yake. Alitaka kumchinjia Papa Androzo kuku. Mzee akakataa, akasema kuku huyo amle njiani yeye na mama yake.

Mpaka hapa sijasema kwamba nilikuwa na watoto, kwa kuwa haya ni maandishi ya kazi. Nilikuwa nao wawili: Neema, aliyekuwa ameanza shule, na Baraka, aliyekuwa amejua kutembea lakini bado hajajua kusema. Asubuhi, kukiwa bado na ukungu, mbwa wa Nyakasanza walibweka wote kwa pamoja, na pikapu ikasimama mlangoni kwetu. Nyuma, mama yake Eliza alikuwa amelazwa juu ya godoro na kufunikwa blanketi, na watoto wa jirani huyu na yule walikuwa wamebanana kumzunguka. Eliza hakuzima injini kwa kuogopa isiwake tena. Akapaza ile sauti yake juu ya kelele: "Nafasi ya mukubwa haiko. Ya batoto iko."

Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama. Nilimpandisha Neema, nikampitisha Baraka juu ya ubao mpaka mikononi mwa yule bibi, naye akamlaza kifuani pake ndani ya blanketi. Baraka alikuwa akicheka kwa sababu ya kelele za gari. Nilibaki barabarani nikiisikiliza pikapu inavyokwenda, na nilimshukuru Mungu kwamba haikuwa na kizuia kelele, maana niliisikia mpaka mbali sana.

Siku chache baadaye mji ulibadilisha mikono tena, vibaya kuliko mara zote. Komanda alitoweka na watu wake, na sikuulizia walikokwenda. Papa Androzo alifunga ofisi kwa kufuli, ingawa mlango ulikuwa umekwisha kupasuliwa, akashika njia ya kwao. Mimi na mume wangu tulikimbia kwa miguu upande ambao haukuwa na moto, na upande huo haukuwa wa Aru. Tulilala makanisani na mashuleni, tukaugua, tukapona, tukangoja barabara zifunguliwe. Kila nilipolala nilikuwa nikihesabu vizuizi vya barabara ya Aru, nikimwona Eliza anaonyesha carte rose yake, na sikujua kama alifika.

Tulifika Aru baada ya miezi mingi, wakati wa mvua. Nyumba ya kaka yake haikuwa ngumu kupatikana. Tuliulizia pikapu ya milango ya rangi mbili, na mji mzima ukatuonyesha njia. Yule bibi aliyepooza alikuwa uani kwenye kiti, anachambua maharage, amenenepa kidogo. Neema aliniona kutoka bombani, akaacha bidoni la maji likaanguka, akakimbia. Nilimkumbatia nikalia kwa sauti bila kuona haya.

Baraka alikuwa nyuma ya Eliza, ameshika kikwembe chake. Alikuwa amerefuka. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mnunuzi anavyolitazama gari aliloambiwa kwamba ni zima. Kisha akamwinulia Eliza uso.

"Mama," akamwuliza, "huyu mama iko nani?"

Eliza alipiga magoti, akavibandua vidole vya mtoto kwenye kikwembe chake kimoja kimoja, huku akilia kuliko nilivyolia mimi. "Huyu njo mama yako," akamwambia. "Miye nilikuwa namuchungia weye tu."

Baraka hakusadiki. Akarudi kukishika kikwembe cha Eliza, akajificha uso. Sikumvuta. Niliketi chini pale uani, kwenye matope, mbele yake, nikamngoja.